Tandiko la Kike

Hawes, Yorkshire
Jumatatu, 20 Juni 1881

Mdogo wangu Selina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Sisi huku wazima, ila mvua haitaki kwenda kwao, nyasi zimelala chini na hakuna aliyenoa fyekeo. Barua yako ya Mei ilifika Jumatano, siku ya kushona, na kabla sijavua kofia Bi. Pounder alikuwa ameshaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua yai.

"Isome, Zillah," akasema. "Nguo za maskini hazitakimbia."

Nikaisoma mbele ya akina mama wote kumi na mmoja. Nilipofika pale farasi wako alipozama topeni mpaka tumboni, sindano zote zilisimama. Kisha nikainakili kwa mwandiko safi kama kawaida yetu, nikampelekea Bwana Ibbotson aichape gazetini. Anasema wasomaji wanakuulizia mitaani kama wanavyouliza bei ya pamba.

Sasa kuna jambo. Gazeti moja la mjini limechapa maneno ya bwana mmoja aliyekwenda huko Aislandi kuvua samaki. Anasema alikutana nyikani na bibi wa Kiingereza, mwandishi wa magazeti, amepanda farasi kiume, mguu mmoja huku, mguu mmoja huku, kama askari. Jina hakutaja. Lakini niambie, mabibi wa Kiingereza wanaoandikia magazeti kutoka Aislandi ni wangapi? Bi. Pounder alinijia na kikapu chake. "Mimi sisemi kitu, Zillah. Nasema tu kwamba nimesikia." Unamjua. Akisema hasemi, ujue mji mzima umeshaambiwa.

Jana ilikuwa karamu ya upendo. Mkate ulipita, kikombe cha maji cha mikono miwili kikapita, watu wakawa wanasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Zamu yangu ilipofika nilisahau kabisa nilichokuwa nimekiandaa. Nikakishika kile kikombe nikasema: "Mdogo wangu Selina anakaa kwenye tandiko la kike, miguu upande mmoja, kama mama yetu na mama wa mama yetu. Hajawahi kupanda kiume na hatapanda kamwe, na kama nasema uongo, maji haya yanikabe." Nikanywa. Hayakunikaba. Wazee wakaitikia Amina mpaka vioo vikatetemeka. Bwana Ibbotson naye ameyachapa maneno yangu, nimekufungia kipande hicho humu.

Najua sikukuuliza kwanza. Lakini ningeuliza nini? Wewe ni binti wa baba yetu, na baba alihubiri miaka thelathini bila kufungua kifungo cha koti.

Bwana Ibbotson anaomba uende kaskazini, kwenye mlima ule unaotoa moshi. Nenda, Selina. Usirudi bila kuuona. Sisi tunakungoja kwa hamu, na sindano mkononi.

Dada yako akupendaye,
Zillah Metcalfe

---

Nyumbani kwa mchungaji Thorlak, Aislandi mashariki
16 Julai 1881

Dada Zillah,

Barua yako imenifikia hapa, imelowa lakini inasomeka. Kipande cha gazeti nimekisoma mara tatu. Asante kwa kunitetea. Huyo bwana wa samaki hakuniona mimi. Labda alimwona mtu mwingine, labda ulikuwa ni ukungu, na labda ilikuwa chupa.

Nimepata hifadhi kwa mchungaji na mkewe Ragnheid. Ni watu wema, nyumba yao ina udongo na nyasi juu ya paa, kondoo hupanda huko kula. Nitakaa siku chache. Farasi wamechoka.

Usishangae mwandiko wangu kulala hivi. Meza ya hapa imeinama.

Ninakutumia habari ya wanawake wanavyokausha nyasi. Dirisha la chumba changu lina vioo sita, na kimoja kina povu ndani yake, kwa hiyo kila anayepita uwanjani hupinda kiuno mara moja kisha hunyooka. Kuna kunguru anakuja kila asubuhi kula mabaki ya samaki mkavu. Nampa jina jipya kila siku.

Kuhusu kaskazini, tutaona. Tandiko langu ni lile lile, usiwe na wasiwasi. Waambie akina mama wa kushona nawasalimu, na Bi. Pounder mwambie nimesikia kwamba hasemi kitu.

Mdogo wako,
Selina

---

Hawes, Yorkshire
4 Agosti 1881

Mpendwa Selina,

Bwana ni mwema. Nyasi tumezikusanya hatimaye, nusu kavu nusu uji. Mimi nipo, magoti yananikumbusha umri kila nikipiga deki kanisani, lakini sina la kulalamika kwa Mungu.

Jana niliwasomea akina mama habari yako ya kukausha nyasi. Wameipenda, lakini sitakuficha, haikuwa kama zile za mwanzo. Bi. Pounder aliweka uzi chini akasema, "Huyu msafiri mbona hasafiri?" Wengine wakacheka. Nikamjibu kwamba hata Musa alikaa Midiani. Akasema, "Miaka arobaini, Zillah. Ibbotson atasubiri?"

Na kweli, mdogo wangu, niliporudi nyumbani nilizitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Mwezi wa Mei unasema maili thelathini, mto wa tatu, mto wa nne, jiwe hili, jabali lile. Sasa unasema dirisha, kunguru, dirisha tena. Farasi gani hao wanaochoka mwezi mzima? Na hiyo meza, mwambie mchungaji aweke kibao chini ya mguu mmoja, maana nilipokuwa nainakili hata mimi nimeshindwa kusoma maneno mawili.

Nikuambie siri, na uichome barua hii baadaye. Kabla hujaanza kuandika kutoka safarini mimi nilikuwa nani hapa? Zillah mwenye funguo za kanisa. Zillah wa kuombwa ndoo. Siku hizi nikiingia kwenye mkutano wa kushona wananisogezea kiti karibu na moto. Mke wa daktari aliniita "Bibi Metcalfe" mbele za watu. Nasoma safari yako kwa sauti yangu, na kwa nusu saa ile ni kama mimi ndiye niliyevuka mto. Mungu anisamehe, nalipenda jambo hilo kuliko inavyofaa.

Kwa hiyo jikaze kidogo. Nenda kaskazini. Ukirudi utapumzika.

Wako,
Zillah

---

Nyumbani kwa mchungaji Thorlak
22 Agosti 1881

Dada,

Nimepata barua yako. Sitaichoma. Ni nzuri, ina wewe ndani yake.

Kaskazini sitakwenda. Mwambie Bwana Ibbotson mito imejaa. Ni kweli mito imejaa, ingawa sijaiona.

Meli ya mwisho ya kuchukua abiria kabla ya majira ya baridi inaondoka Reykjavik tarehe mosi Oktoba. Kutoka hapa ni siku saba juu ya farasi. Nikiikosa, nitakuwa hapa hapa mpaka Mei, na siku za baridi huku, wananiambia, jua huchungulia kama jirani mwenye deni kisha likaondoka. Nataka kuipata meli hiyo. Nataka kurudi nyumbani, dada. Sijui kama nitaweza.

Nina swali moja, na ulijibu upesi. Lile neno ulilosema kwenye karamu ya upendo, ulilisema kwa safari hii tu, au kwa maisha yangu yote? Na mtu akimsemea mwenzake mbele ya Mungu, neno hilo ni la nani, la aliyesema au la aliyesemewa? Wewe ndiye unayejua mambo hayo. Mimi hujua maili tu.

Nimechoka. Nililifuta neno hilo mara mbili, nikaona niliache.

Selina

---

Siku hiyo hiyo, 22 Agosti

Kwa Bibi Zillah Metcalfe,

Mimi ni Ragnheid, mke wa mchungaji Thorlak. Kiingereza hiki ni cha mume wangu, maneno ni yangu. Akijaribu kuyapunguzia ukali nitamwona usoni, hana uso wa kuficha. Mdogo wako hajui kwamba tunaandika.

Alifika kwetu tarehe tano Julai. Hakushuka kwenye farasi, tulimshusha. Kiuno chake kimepinda kama kamba iliyokamuliwa. Lile tandiko lenu la kike, Bibi, lina pembe ya ngozi ambayo mtu hufungia goti. Mwili wa chini hutazama pembeni na mwili wa juu hulazimishwa kutazama mbele. Kwa kwenda kanisani ni sawa, hata sisi wanawake wa hapa hukaa upande siku ya Jumapili. Lakini yeye amekwenda hivyo wiki saba, juu ya mawe ya volkano, katika mvua. Sasa hawezi kuketi. Barua zako zote ameandika amelala kifudifudi, karatasi juu ya kibao changu cha mkate. Hakuna meza iliyoinama nyumbani kwangu.

Nimemwambia: wakati wa kukusanya kondoo milimani, wasichana wetu hupanda jinsi Mungu alivyoigawa miguu yao, na hakuna anayeuliza. Panda hivyo, mgongo utanyooka, utafika. Tulimjaribisha siku moja uwanjani, nikamvika suruali ya mume wangu. Alizunguka mara nne bila kulia. Kisha akaomba ashushwe. Akasema, "Haiwezekani, Ragnheid. Dada yangu ameapa."

Nikamuuliza, "Dada yako yupo juu ya farasi huyu?"

Akasema, "Ndiyo. Yupo."

Sikumwelewa. Mume wangu anasema anaelewa, lakini mume wangu amesoma sana.

Bibi, akipanda upande hatafika hata mto wa tatu. Akibaki, hakuna daktari huku mpaka kiangazi, na kitanda ni kibaya kwa mtu wa namna yake. Ameanza kunyamaza. Kunguru wake anakuja, hamwangalii.

Wewe ndiye uliyefunga. Fungua, na ufungue upesi, maana barua nayo hupanda meli.

Mume wangu anataka nimalize kwa baraka. Mungu akubariki.

Ragnheid

---

Hawes, Yorkshire
Jumatatu, 12 Septemba 1881

Selina, Selina mdogo wangu,

Panda. Naandika neno hilo kwanza, usije ukachoka kabla ya kulifikia. Panda kiume, panda kwa suruali ya mchungaji, panda kama askari, kama jambazi, kama mtu wa sarakasi. Fika tu kwenye meli.

Barua zenu mbili zilifika juzi Jumamosi pamoja. Nilisoma yako nikaanza kukutungia jibu zuri lenye mistari ya Biblia. Kisha nikasoma ya Bibi Ragnheid, nikakaa chini kwenye ngazi za nyuma mpaka chakula kikaungua. Usimkasirikie. Laiti ningekuwa na rafiki mwenye ulimi kama ule hapa.

Ningeweza kukujibu kwa siri. Nilifikiri hivyo usiku kucha, nakwambia kweli. Nikasema, Selina apande, na huku tunyamaze, nani atajua? Asubuhi nikaona kwamba huo ndio uongo ambao maji yale yangenikaba kwa haki. Neno nililisema mbele za watu, halitoki kwa mlango wa nyuma.

Jana ilikuwa ibada ya mavuno. Kanisa limejaa ngano, vitunguu, maboga ya Bwana Alderson mbele kabisa, makubwa kama watoto wachanga. Baada ya wimbo wa pili nikasimama. Mchungaji akanitazama juu ya miwani. "Dada Zillah, hii si saa ya ushuhuda."

"Najua, mchungaji. Ndiyo maana sitachelewa."

Bi. Pounder akanivuta sketi. "Keti, Zillah! Maboga yanakusikia."

Nikasema: "Mwezi wa Juni nilisimama hapa nikaapa kwa mwili usio wangu. Nilisema mdogo wangu hatapanda farasi kiume kamwe. Sikumuuliza. Tandiko nililomsifia limemvunja mgongo, na amelala miezi miwili kwa wageni kwa sababu ya kinywa changu. Leo nalirudisha neno langu mbele ya wale wale niliowapa. Nitamwandikia apande."

Vichwa vyote vikanigeukia, Selina. Kisha Bwana Alderson, ambaye ni kiziwi tangu tukiwa wadogo, akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe, "Amesemaje?"

Mwanawe akamjibu vivyo hivyo, "Anasema Selina apande kiume, baba!"

"Apande kwenda wapi?"

"Nyumbani, Bwana Alderson," nikasema mimi. "Anakuja nyumbani."

"Sasa?" akasema. "Mtu anakuja nyumbani, mnamsimamishia ibada?"

Hakuna aliyecheka. Mchungaji akatangaza wimbo. Nilipotoka, wanawake watano walinisalimu na sita walikuwa na shughuli na kofia zao. Darasa langu la Biblia la Jumanne amepewa Bi. Pounder, "kwa muda tu", na amelipokea kwa machozi. Bwana Ibbotson nimemwandikia pia. Afanye atakavyo.

Lakini hayo si kitu. Kitu ni hiki, na nakiandika polepole ili mkono usikikwepe. Ulikuwa unanipa dalili na mimi nikakwambia nenda kaskazini. Barua nilizipanga mezani nikaona maili zimekwisha, na bado nikasema jikaze. Nilitaka kiti changu karibu na moto. Ulikuwa umelala kwenye kibao cha mkate, na mimi nilikuwa napashwa joto.

Nimemkimbiza mwana wa Alderson stesheni na barua hii. Posta wanasema itapata meli ya tarehe kumi na nne kutoka Leith, bandari ya Edinburgh. Ee Bwana, ipe miguu.

Panda.

Zillah

---

Baharini
4 Oktoba 1881

Dada yangu,

Nimeipata meli. Nianze na hilo.

Sikungoja jibu lako. Tarehe ishirini Septemba Ragnheid aliingia chumbani na ile suruali, akaitupa kitandani, akasema siku zimebaki kumi na moja na yeye hana nafasi ya kuzika mtu ardhi ikiganda. Kisha akatoka nje kulia, akidhani sisikii. Nikavaa.

Saa ya kwanza juu ya farasi nililia pia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu hayakuwapo. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kutazama mbele kwa mwili wote. Siku saba tulikwenda hivyo, mimi na kiongozi wetu Sigvaldi, polepole, tukilala mapema, na siku ya tano nilishuka mwenyewe nikatembea hatua ishirini kuliona jiwe. Lilikuwa jiwe tu. Nilifurahi mno.

Sasa nitakuambia lililobaki, na nitakuambia mara moja tu.

Siku ya saba tulifika kwenye kilima kilicho juu ya Reykjavik. Niliiona meli imeingia, na ufukweni mabwana wa Kiingereza wakiwa na mafimbo yao ya kuvulia, wanangoja kurudi kwao. Wasomaji wa magazeti. Tandiko langu la kike lilikuwa nyuma, juu ya farasi wa mizigo. Nikamwambia Sigvaldi, "Nibadilishie."

Akasema, "Bibi, imebaki nusu saa tu mpaka mjini."

Nikamwambia, "Ndiyo maana. Nusu saa naiweza. Dada yangu ameapa."

Akanibadilishia. Nikavaa sketi juu ya suruali, nikafunga goti kwenye pembe, nikashuka kile kilima chenye mawe. Mabwana walivua kofia nilipopita. Mmoja akasema, "Hivyo ndivyo bibi anavyokaa." Nilipofika gatini, mguu wa kushoto haukuwa wangu tena. Sikuusikia. Walinibeba juu ya mlango wa ghala kama machela mpaka mashuani, na kutoka mashuani mpaka melini.

Barua yako ilikuja na meli hii hii. Ilikuwa imeshafika posta tangu asubuhi, Zillah. Karani wa posta aliniletea kitandani jioni ile, akiwa amefurahi kunipata. Nikasoma neno lako la kwanza.

Sikuandikii ili uumie. Nakuandikia kwa sababu wewe ulisimama mbele ya maboga ukasema ukweli, basi nami nisikulipe kwa meza iliyoinama.

Daktari wa melini anasema mguu huenda ukarudi, huenda usirudi. Leith nitalala kwenye nyumba ya mabaharia ya wamisionari, karibu na bandari, siku kumi au zaidi. Usije. Ni mbali, hujawahi kupita Skipton, na utapotea pale pa kubadilisha treni. Nitakuja nikiweza kunyanyuliwa.

Mwambie Bwana Ibbotson sina kitu cha kuchapa.

Selina

---

Stesheni ya Carlisle, chumba cha kusubiria cha wanawake
Jumatano, 12 Oktoba 1881

Mdogo wangu,

Barua hii sitaitia posta. Nitaiweka mkononi mwako, kwa sababu najua nikikuona sitaweza kuyasema haya, nitaanza kukuuliza kama umekula.

Yako ilifika jana mchana. Leo alfajiri nilimpelekea Bi. Pounder funguo za kanisa. Alifungua mlango akiwa na kofia ya kulalia. Nilidhani atasema hasemi kitu. Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na shali yake nzuri, ile ya sufu ambayo nusura mumewe azikwe nayo, akasema, "Ya mgonjwa. Na ukae karibu na dirisha, vinginevyo utatapika." Basi. Mungu ana njia zake, na nyingine zina kikapu mkononi.

Nilipotea pale pa kubadilisha treni, kama ulivyosema. Nikapanda ya kurudi Hawes. Mkaguzi akanishusha stesheni iliyofuata, nikangoja saa mbili kwenye upepo na kondoo watatu. Hapa Carlisle treni ya Edinburgh imechelewa, nangoja saa ya nne sasa. Nimekaa kwenye kiti chenye mto, na moto unawaka. Hata hivyo kiuno kinaniuma, Selina. Miguu imevimba ndani ya viatu. Kichwa kinavuma, sijui kesho nitalala wapi, na kila mtu anayepita ananitazama mwanamke wa umri huu anayesafiri peke yake. Hii ni siku moja. Siku moja, nchini kwangu, kwa lugha yangu.

Nilikuwa nasoma safari zako kwa sauti nikidhani ni mimi niliyevuka mto. Sikuvuka hata dimbwi.

Ile nusu saa ya kilimani ni yangu. Usiniambie si yangu. Ulipomjibu Bibi Ragnheid kwamba nipo juu ya farasi, ulisema kweli. Nilikuwa nimekaa mgongoni kwako kuanzia Juni. Neno nililitoa kinywani mwangu kanisani, lakini sikujua kwamba lilikuwa limeshahamia mifupani mwako, na huko barua haifiki. Nimemwomba Mungu anisamehe. Wewe sijakuomba bado. Sitakuomba ukiwa umelala chali huwezi kuondoka chumbani. Nitangoja uweze kunigeuzia mgongo kama ukitaka.

Nimezungumza na bwana anayesimamia behewa la mizigo. Akaniuliza, "Mgonjwa atatembea mwenyewe, mama?" Nikasema sijui. Akasema watakuwekea godoro sakafuni, utalala umenyooka mpaka nyumbani. Watu watatazama. Nimewaza sana leo juu ya watu wanaotazama, na nimeona kwamba huwa wanashuka kwenye stesheni yao na kwenda zao.

Bwana Ibbotson alinitumia neno kuwa angependa habari ya jinsi ulivyorudi. Nimemjibu kwamba haiuzwi.

Kengele imelia. Nikifika sitakuuliza mlima ulikuwaje, wala mito mingapi, wala nini kinafuata. Wewe utalala. Mimi nitakaa kando yako, bila kusoma chochote.

Zillah